Vigae vya Alinacha

Neno lenyewe nililitamka mimi. Naanza na hilo ili nisionekane nawasema wengine.

Kilikuwa kikao cha familia, uani kwetu Majimoto, usiku, umeme umekatika. Baba mdogo aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa amelikwepa tangu tumalize matanga: chumba cha marehemu kitafanyiwa nini? Mavuno ya mpunga yalikuwa yanakaribia, wafanyabiashara wanatafuta mahali pa kuweka magunia, na kodi ya chumba kile ingelipa ada ya watoto wawili. Lakini chumba kilikuwa kimejaa vitu. Alisema "vitu" kwa adabu, kwa sababu mwenye vitu alikuwa amekaa pale pale kwenye jamvi: mdogo wangu wa kike, kanga kiunoni, anatazama chini. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam kuja kutoa busara, na busara niliyoitoa ilikuwa hii: "Jamani, tuachane na ndoto za Alinacha."

Watu wakacheka, kikao kikapumua, na mdogo wangu akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Sasa nataka kubishana na sentensi yangu. Na kwa kuwa najua sikuitunga mimi, nataka kubishana na wewe pia, kwa sababu umewahi kuisema, au utaisema kabla ya mwaka kuisha, kwa mdogo wako, kwa mwanafunzi wako, au kwa nafsi yako.

Kwanza nieleze vitu vyenyewe. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli. Miaka zaidi ya thelathini alikaa chini ya mwembe mmoja karibu na soko, akiziba mipira, akinyoosha rimu, akikaza spoku. Presha ilimchukua ndani ya siku mbili. Alichoacha ni spana, makopo ya misumari, rundo la mipira iliyokwisha, baiskeli yake moja ya Phoenix, daftari la madeni, na picha moja ndogo ya kitambulisho ambamo anaonekana kama mtu anayeulizwa swali.

Aliacha pia jambo moja lisilogawika kwenye mirathi. Baba hakuwahi kuiona bahari. Ziwa Rukwa alilijua, viboko wa mto Katuma pale Sitalike aliwajua, chemchemi za maji ya moto zilizoupa mji wetu jina alikuwa akizionyesha wageni kama mali yake. Lakini bahari hakuiona, na kila alipokaza spoku alikuwa akipanga safari ya kwenda kuiona kwa baiskeli. Mpanda, Inyonga, Tabora, Singida, Dodoma, Morogoro, Bagamoyo. Aliwauliza madereva wa malori wapi kuna mlima, wapi kuna kisima. Sisi watoto tulijua vituo vile kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyeamini kwamba angeondoka. Nadhani hata yeye hakuamini, ila aliipanga vizuri mno.

Miezi saba baada ya mazishi, mdogo wangu alikuwa amempeleka. Ukutani mwa chumba cha baba ameweka bahari. Mawimbi ni vipande vya mipira ya baiskeli, vyeusi, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Povu ni pumba za mpunga kutoka mashineni, zimebandikwa kwa gundi ile ile ya kuzibia mipira. Kina cha maji ni turubai la bluu lililochanika na kanga mbili za marehemu mama, na katikati ya kanga kuna vigae vya chupa vinavyoshika mwanga wa mlangoni asubuhi. Sakafuni mnyororo wa baiskeli umenyooshwa kuwa barabara, na kila mji ni kizibo cha soda kilichoandikwa jina. Mwisho wa barabara amesimama baba, wa spoku na waya, na uso wake ni kile kiti cha ngozi cha Phoenix alichokilainisha mwenyewe kwa kukikalia miaka yote ile.

Hicho ndicho nilichokiita ndoto za Alinacha.

Tunaikumbuka hadithi, au tunadhani tunaikumbuka. Imo katika Alfu Lela Ulela. Kuna mtu ana sinia la vyombo vya kioo vya kuuza. Anakaa nalo sokoni, anaanza kuota mchana: nitauza, nitanunua zaidi, nitauza tena, nitakuwa tajiri, nitamwoa binti wa waziri. Katikati ya ndoto anarusha teke, vyombo vinavunjika, ndoto inaisha. Funzo tulilopewa: usiote, fanya kazi.

Lakini rudi kwenye hadithi yenyewe. Fedha alizonunulia vile vyombo zilitoka wapi? Zilikuwa urithi. Baba yake alikuwa amekufa, na dirhamu mia moja zilizomwangukia ndizo mtaji wake wote. Yule anayeota mchana mbele ya sinia ni yatima, na kila kioo pale ni baba yake aliyegeuzwa kuwa bidhaa. Sisi tumefuta msiba tukabakiza kichekesho.

Na teke je? Alimpiga nani? Katika ndoto yake binti wa waziri amemletea kinywaji kwa unyenyekevu, anambembeleza, na yeye, ili aonyeshe ukubwa, anamsukuma kwa mguu. Teke hilo ndilo lililovunja vyombo. Kuota peke yake hakukuvunja kitu. Kilichovunja ni kuota kuwa na mtu wa kumkanyaga. Ningependa shule zetu zifundishe hilo, kwa sababu linahusu ndoto ambazo jamii yetu haizicheki kamwe.

Pita Majimoto jioni, au pita mtaa wowote nchi hii. Utawakuta vijana wamekaa kutwa na mkeka wa timu kumi na mbili za ligi za Ulaya, wanahesabu nyumba watakayojenga zikishinda zote. Hakuna anayewaita Alinacha. Tunawauliza, "Umetiki ngapi?" Kuna mtu anaota cheo ili majirani wamwamkie kwanza, tunamwita mwenye malengo. Ndoto zenye teke ndani yake tunaziita mipango. Binti anayekata mipira ya baiskeli ili baba yake afike Bagamoyo, huyo ndiye tunayemwambia aamke.

Nikiwa Dar niliwasimulia marafiki zangu. Ni watu wa umri wangu, wamesoma, wanapenda sanaa. Walimtetea mdogo wangu kwa nguvu zote, na utetezi wao ulinikera kuliko kicheko cha uani.

Wa kwanza alisema sanaa inalipa siku hizi. Majimoto haiko mbali na Hifadhi ya Taifa Katavi, watalii wanapita, atengeneze vitu vidogo vidogo, viboko, twiga, auze. Alitaja Tingatinga. Basi tumzungumze Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vitu alivyokuwa navyo karibu: mbao za dari na rangi za kung'aa, aina ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akapigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka yake ya kazi ilikuwa michache sana. Biashara kubwa ya twiga na viboko ilikuja nyuma yake. Kumwambia mtu mwenye kitu chake kipya kwamba aige twiga wa watu ni kumwambia aanzie pale ambapo mwingine alimalizia. Tena ninauliza: kama bahari ya baba haiuziki, je, tutakuwa tumekubali kwamba baba mdogo alikuwa sahihi? Utetezi unaotegemea bei unakufa siku mnunuzi asipotokea.

Wa pili alisema, kwa sauti ya huruma, kwamba ile kazi inamsaidia kupona. Sina ugomvi na kupona. Ila sikumwona mdogo wangu akipona. Nilimwona akipima. Alikuwa na kamba yenye mafundo, anapima nafasi kati ya Singida na Dodoma ili iendane na ile kati ya Dodoma na Morogoro. Alipotoa wimbi moja na kulirudisha mara nne, hakuwa analia. Alikuwa anakataa wimbi baya. Fundi akifanya hivyo kwenye gurudumu tunasema anajua kazi. Mwanamke aliyefiwa akifanya hivyo ukutani tunasema anajiliwaza. Tumemnyang'anya ufundi tukampa kidonge.

Wa tatu alisema hiyo ni sanaa ya kizungu, ile ya kuokoteza vitu na kuvibandika, na kwamba kwetu sanaa ni kinyago, ngoma na msuko wa ukindu. Huyu nitamjibu kwa kumtaja mtu.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na miezi minne malaria ilipomuua baba yake. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akamchukua wakarudi Uingereza. Kwa hiyo kuna mtoto aliyeondolewa pwani kabla hajajua neno pwani, aliyelelewa kati ya vitambaa, na ambaye baba yake ni mtu wa kubuniwa kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuwa naye. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia, na ujuzi huo unaonekana: watu wake wengi hawakai ndani ya fremu, wanasimama sakafuni, umbo la mtu limekatwa kwenye mbao na kupakwa rangi, nawe unapita katikati yao. Mwaka 1999 alitengeneza mfululizo wa michoro alioupa jina Zanzibar. Kanga pia ameifanyia kazi sana, kitambaa chenye pindo, mji na jina, akaitumia kusema mambo yake kama wanawake wetu wanavyofanya.

Kazi ninayotaka uijue ni ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu 100 wa mbao, kimo cha binadamu. Ni Waafrika waliotumwa kama watumwa na watumishi katika nyumba za wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafundisha mbwa, wachora ramani, waganga wa mitishamba, watengeneza vidude vya kuchezea. Picha za zamani za Ulaya zimejaa watu hao pembeni, wameshika sinia au kamba ya mbwa, bila jina. Himid akawapa majina, yote kwa kubuni. Kila mmoja anasema jina lake halisi, kisha jina alilopachikwa; kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kisha anayofanyishwa sasa; mwisho, kile alichobaki nacho. Maneno hayo yamebandikwa migongoni mwao kwenye karatasi za mahesabu, zile za mapato na matumizi.

Hebu fikiri jambo hilo. Kumbukumbu za kweli za watu wale zilikuwa karatasi za biashara: idadi, bei, tarehe. Kilichopotea hakikuwa kwenye hati yoyote, kwa hiyo hakuna utafiti ungekirudisha. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kukaa mchana kweupe na kuota: huyu angeitwa nani? Alikuwa akifanya nini kabla? Anaficha nini? Ndoto ya mchana hapo inafanya kazi ya hesabu, na inaandikwa juu ya karatasi ile ile ya hesabu iliyoshindwa.

Mwaka 2017 Himid alishinda Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza, akiwa na miaka 63. Hadi mwaka huo masharti ya tuzo yaliwafungia nje waliofikisha miaka 50. Sitaji tuzo ili baba mdogo aone fedha. Naitaja ili uhesabu. Wale watu 100 walikuwa tayari wamesimama miaka 13 kabla, na yeye alikuwa akifanya kazi tangu miaka ya 1980. Kama thamani ya ile kazi ilianza siku ya tuzo, basi kwa miaka 13 alikuwa Alinacha.

Kwa huyo rafiki wa tatu: mtu aliyefanya hivyo ni mtoto wa Zanzibar, mkononi ana kanga na mbao. Na hata angekuwa mtoto wa kwingine, nani alikwambia kwamba kuokota kilichobaki na kukiunga na kingine ni desturi ya Wazungu? Uliza fundi baiskeli yeyote.

Nilimwonyesha mdogo wangu picha za watu wale kwenye simu niliporudi Majimoto mara ya pili. Aliziangalia muda mrefu, akizivuta karibu kwa vidole viwili.

"Naye alifiwa na baba?"

"Akiwa na miezi minne."

"Kwa hiyo hakumsikia hata akiongea." Akanyamaza. "Mimi nina nafuu, kaka. Mimi wa kwangu alinipa njia yote."

Kisha akauliza migongoni mwa wale watu kuna nini. Nilipomwambia ni karatasi za mahesabu, aliweka simu chini, akashika ukingo wa wimbi moja na kuliinua kidogo kama mtu anayefunua chungu. Chini yake kulikuwa na ukurasa wa daftari la madeni.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu hapa ndipo baba mdogo ana hoja. Daftari lile lilikuwa mali. Mdogo wangu alilichana, akabandika kurasa zote ukutani kama msingi wa bahari, na sasa deni la spoku tatu la mtu fulani haliwezi kudaiwa kwa sababu liko chini ya maji. Kwa familia inayohesabu ada kwa magunia, huo si mzaha. Sisemi mchele haujalishi. Mtu anayeandika kutoka mjini kwamba sanaa ni muhimu kuliko chakula anaandika akiwa ameshiba.

Lakini nilimwuliza kwa nini alifanya vile. Akasema alilisoma lote kwanza, siku tatu. Baba aliandika jina, kilichoharibika, bei. Tairi la nyuma. Breki. Mnyororo. Nusu ya wadaiwa wamekufa au wamehama. Akasema: "Hawa ndio watu waliokuwa wakienda mahali kwa sababu ya baba. Yeye akabaki chini ya mwembe. Nikaona wamsindikize."

Hakuna mtu aliyemfundisha kusema hivyo. Chuo cha sanaa kinachojulikana zaidi nchini, kile cha Bagamoyo, kiko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu, mwisho kabisa wa ule mnyororo wa sakafuni. Na tunaosoma magazeti ya fasihi kwenye simu tunapenda kulaumu umbali huo, na serikali, na mitaala. Tulaumu, ni haki yetu. Ila siku ile uani hakukuwa na serikali. Kulikuwa na mimi, na neno moja, na neno lilitosha kumfanya ainuke.

Ndiyo maana ninachokudai ni kidogo na hakihitaji bajeti. Ukionyeshwa kazi ya namna hii, usiulize ataiuza shilingi ngapi, wala usiulize kama anajisikia vizuri sasa. Uliza ameifanyaje. Uliza kwa nini wimbi hili na si lile. Uliza nani yumo. Ni maswali ambayo ungemwuliza fundi yeyote unayemheshimu, na yeye atakuwa na majibu, kwa sababu amekaa nayo miezi saba.

Na hasa tufanye hivyo sisi tunaotoka sehemu kama Majimoto, ambako wazee wetu wengi wanaondoka wakiwa wameacha picha moja ya kitambulisho na jina kwenye daftari la mtu. Ulaya ina makumbusho yaliyojaa vitu na bado Himid alilazimika kuota ili awapate watu 100. Sisi ambao hatuna hata hati ya kuota juu yake, tunawacheka wanaoota. Tukiwakatisha tamaa hao, tutabaki na bei za spoku.

Kuhusu chumba: nimelipa kodi yake mimi, kama mpangaji mwingine yeyote, mpaka mavuno yajayo. Baba mdogo alipokea fedha, akazihesabu, akauliza, "Na mwaka kesho?" Nikamwambia mwaka kesho tutakaa tena. Aliitikia, maana si mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha na kaka aliyezikwa. Kisha akachukua tochi akaingia mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nadhani, na sisi tukamfuata hadi mlangoni.

Aliangaza barabara, kizibo kwa kizibo. Aliangaza uso wa kaka yake. Kisha akasogea kwenye kona ambako mpira umeachana kidogo na ukuta, akainama, akasoma, akasoma tena.

"Tairi la nyuma," alisema. "Hili nililipa."

"Hakulikata jina, baba mdogo," mdogo wangu akamjibu.

Alibaki pale na tochi yake. Hakusema litolewe.

Kwa upande wangu kuna deni ambalo bado halijakatwa. Sijamwomba mdogo wangu msamaha mbele ya watu walewale waliocheka. Kikao kijacho ni baada ya mavuno, na nimeshaomba likizo.